Cheti cha Nanenane mnacho, mbona mashine iko stoo? Jibu kwa injinia wa Tanga

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni injinia kwenye taasisi moja ya umma huku Tanga. Kwa hela ya serikali tulitengeneza mashine ndogo ya kuchakata mkonge, inavutwa na pikapu mpaka shambani, mkulima anachakata hukohuko. Nanenane tulipewa cheti. Huu mwaka wa tatu iko stoo imefunikwa turubai. Wakubwa wanasema tusubiri hataza itoke kwanza ndo tutafute mwekezaji. Hiyo ndo njia kweli? Na wenzetu wanafanyaje mpaka utafiti wa serikali unageuka biashara na mkoa mzima unanufaika?"

Marahaba mdogo wangu. Swali lako limenichekesha alafu likaniuma, maana hiyo turubai naijua, enzi zangu nimefunika mashine nayo kwa mikono yangu mwenyewe. Ntakujibu kwa urefu, vuta kiti.

Nianze na hataza, maana ndo inayowafunga miguu. Hataza ni haki ya kumzuia mwingine asitengeneze kitu chako, basi. Haitengenezi mashine, haitafuti mteja, haikopeshi mtu. Ukisajili BRELA, ule wakala wa serikali wa usajili, inakulinda hapa nyumbani tu, ukitaka kulindwa Kenya au Msumbiji hiyo ni safari nyingine na ada nyingine. Na kuna jambo sijui kama wakubwa wako wamelifikiria: hataza inataka kitu kiwe kipya, yaani kisiwe kimeshaanikwa hadharani kabla hujawasilisha maombi. Zipo nafuu kwa waliotangulia kuonyesha kwenye maonyesho, lakini ni za muda mfupi, sio miaka mitatu. Kwa hiyo kesho asubuhi muulize mwanasheria wenu swali moja tu, siku ile mnapokea cheti maombi yalikuwa yameshapelekwa au bado? Kama yalishapelekwa, subirini huku mkifanya kazi, hamna sheria inayosema mashine ilale mpaka karatasi itoke. Kama yalikuwa bado, basi inawezekana kabisa mnasubiri kitu ambacho hakiji. Hapo mnachoweza kulinda ni maboresho mtakayofanya kuanzia sasa ambayo hamjamwonyesha mtu, pamoja na jina la mashine kama alama ya biashara, ambayo kwa mashine za shamba mara nyingi ina faida kuliko hataza yenyewe, mkulima hasomi hataza, anauliza "ile ya nani?"

Sasa nikwambie tatizo lenyewe naloliona. Kwenye hiyo mashine hamna mtu hata mmoja ambaye ugali wake unategemea iuzwe. Wewe unalipwa iuzwe isiuzwe, bosi wako vilevile, afisa ugani vilevile, na yule aliyewapa cheti ameshasahau. Kila mtu anaitakia heri. Mashine haiendi sokoni kwa kutakiwa heri.

Uko Tanga, kwa hiyo sihitaji kukupeleka mbali kukuonyesha. Mkonge uliletwa hapa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg, ikafika 62 tu ikiwa hai, ikapandwa Kikogwe upande wa Pangani. Baadaye pale Mlingano, Muheza, kukawa na kituo cha utafiti wa mkonge, na kazi ya watafiti kuchanganya mbegu miaka na miaka ikazaa chotara namba 11648. Mkonge wa kawaida unakupa majani 200 mpaka 250 maisha yake yote, huyu chotara anapita 600. Kisayansi hapo kazi imekwisha, ushindi mtupu. Miaka ya 1960 mbegu hiyo ikaingia China, na mpaka leo ndo mbegu kuu ya mashamba ya mkonge ya Guangxi na Guangdong.

Alafu angalia kilichofuata. Kwetu mwaka 1964 tulivuna karibu tani 230,000, tulikuwa miongoni mwa vinara wa dunia. Miaka ya 1990 tukawa tunahangaika kwenye tani 20,000 hivi. Sababu unazijua, kamba za plastiki ziliua soko, mashamba yakataifishwa yakakosa uangalizi, mitambo ikachakaa, sio kosa la mbegu. Ila wenzetu waliochukua ile mbegu walijenga na kitu mbele yake: viwanda vya mazulia, vitambaa vya kung'arishia vyuma, na ule moyo wa singa, yaani nyuzi za mkonge, unaokaa katikati ya kamba za waya zinazovuta lifti. Ukipanda lifti ghorofani, kuna uwezekano mzuri kwamba ndani ya ile kamba ya chuma kuna uzi wa mkonge umelowa grisi. China wanalima mkonge wao, hauwatoshi, wanakuja kununua na wa kwetu ukiwa marobota. Yani utafiti wa Muheza ulifanikiwa, sema faida kubwa ilienda kukaa kwa mwenye kiwanda. Hilo lishike, maana ndo jibu la nusu ya swali lako la pili: mkoa haunufaiki kwa sababu ugunduzi ulifanyika pale, unanufaika kama hatua zinazofuata ugunduzi nazo zinafanyika pale.

Wenzetu wanafanyaje? Ntakupa wawili, na sio Marekani, maana ya Marekani kila semina inaimbwa. Ile sheria yao ya mwaka 1980 inayoruhusu vyuo kumiliki ugunduzi uliolipiwa na serikali, wengi huku wanadhani ndo siri yenyewe, kumbe ofisi nyingi za vyuo kule zinazosimamia hizo leseni haziingizi hata hela ya kujilipa zenyewe, chache tu zenye bahati ya dawa au programu moja kubwa ndo zinazosikika. Tuache hiyo.

Taiwan. Mwaka 1973 serikali ikaanzisha taasisi ya utafiti wa viwanda, ITRI. Mwaka 1976 wakaingia mkataba na kampuni ya RCA ya Marekani kununua teknolojia ya chipu, na wala haikuwa ya kisasa kabisa, ilishaanza kuchuja. Wakatuma mainjinia vijana wakae kwenye viwanda kule, wakarudi, wakajenga kiwanda cha mfano ndani ya taasisi. Mpaka hapo ni kama nyie tu. Tofauti inaanzia 1980. Kile walichojifunza hawakukiweka stoo wala hawakutangaza zabuni ya mwekezaji, walikichomoa kikawa kampuni, UMC, na watu wakatoka nacho. Mwaka huohuo Hsinchu ikafunguliwa bustani ya viwanda jirani na taasisi. 1987 wakachomoa nyingine, TSMC, karibu nusu ya mtaji ikatoka serikalini, Philips wa Uholanzi wakachukua zaidi ya robo, na aliyeiongoza ni Morris Chang ambaye alikuwa ndo bosi wa hiyohiyo taasisi ya utafiti. Sa hivi simu uliyoshika hapo ina uwezekano mkubwa chipu yake imetoka kwao. Wanaosimulia habari hii wanasema "serikali iliwekeza", mimi nasema serikali iliruhusu watumishi wake waondoke na kazi yao. Kwetu injinia akitaka kutoka na mashine aliyoibuni anaonekana mwizi.

Chile nao ni kituko kizuri. Kule hakukuwa na salmoni wa asili, ni samaki wa bahari za kaskazini. Wajapani walisaidia majaribio ya mwanzo, alafu taasisi moja inaitwa Fundación Chile, iliyoanzishwa 1976 na serikali pamoja na kampuni ya ITT, ikaona watu wa sekta binafsi wanaogopa. Hawakuandika ripoti ya kuwashawishi. 1982 wakaanzisha kampuni yao wenyewe ya kufuga, Salmones Antártica, wakapata hasara pa kupata hasara, wakafuga mpaka ikaonekana kwa macho kwamba inalipa, mwishoni mwa miaka ya 1980 wakaiuza kwa Nippon Suisan ya Japani na kuendelea na mambo mengine. Kuanzia hapo vizimba vya samaki vikajaa kule kusini, upande wa Puerto Montt, wakaja watengeneza vyavu, vyakula vya samaki, boti, barafu, maabara, leo Chile kwa salmoni wako nyuma ya Norway tu. Na isije ikaonekana ni hadithi ya malaika, mwaka 2007 ugonjwa wa virusi ukawafyeka kwa sababu vizimba vilibanana mno na usimamizi ulikuwa legelege, maelfu wakapoteza kazi. Ila angalia walichofanya mwanzoni, taasisi ya umma ilibeba hatari ya miaka ile ambayo hamna mfanyabiashara mwenye akili angebeba.

Jirani zetu Kenya wana chai ya zambarau. Watafiti wao wameisotea miaka mingi, wakaitoa rasmi 2011, wakulima wakapanda kwa matumaini, majani yakakua, alafu kikapu kikafika kituo cha kununulia kikapimwa pamoja na majani ya kijani kwa bei ileile kwa sababu viwanda vingi havikuwa na laini ya kuichakata peke yake. Wengine wakang'oa. Mche ulitangulia, kiwanda na mnunuzi havikuwepo.

Haya, turudi kwenye mashine yako, maana mimi naona ina hoja nzito kuliko mnavyoisema. Tufanye hesabu. Jani la mkonge linatoa singa asilimia 3 mpaka 4, kinachobaki ni maji na makapi. Roli la tani 7 likitoka shamba la mkulima mdogo kwenda korona, yaani ule mtambo mkubwa wa kuchakata, linabeba, kwa makadirio mazuri, kilo 280 za singa na karibu kilo 6,700 za kitu kinachoenda kutupwa. Mkulima analipia usafiri wa takataka! Alafu akifika anakuta foleni, na wewe unajua jani likishakatwa lina siku mbili hivi kabla halijaanza kukauka likagoma kuchakatika vizuri, singa zinatoka na rangi mbaya, daraja linashuka, aliyetegemea daraja zuri la 3L anaambulia UG, daraja la chini. Hiyo ndo biashara yako. Hauuzi mashine mdogo wangu, unauza kuondoa foleni na kuondoa roli. Kwenye kipeperushi chenu cha Nanenane nina uhakika mmeandika nguvu ya farasi na mizunguko ya ngoma kwa dakika.

Kwa hiyo msitafute mwekezaji bado. Mwekezaji atawauliza namba ambazo hamna. Toeni hiyo mashine stoo, ipelekeni kwenye AMCOS moja, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ambayo foleni yake inaliza watu, na msiiuze, chakateni kwa kulipwa kwa kilo. Kama mashine ya kusaga. Umeshaona kijiji ambacho kila kaya ina mashine yake ya kusaga? Hamna, ananunua mmoja, wengine wote wanapeleka debe. Fanyeni msimu mzima hivyo, mwendesha mashine asiwe wewe, awe kijana wa palepale, mlipeni kwa kilo na yeye, alafu wewe kaa pembeni na daftari. Andika kilo ngapi za singa kavu kwa siku, dizeli lita ngapi, imesimama mara ngapi na kwa sababu gani. Hiyo safu ya "kwa sababu gani" ndo utafiti wenyewe, kuliko ule mliofanya karakana.

Hapa nikupe kisa changu. Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye timu, taasisi sitaitaja, tulitengeneza mashine ya kuparua mihogo, safi, inang'aa, imepakwa rangi ya kijani. Beringi tulizichagua kwenye katalogi ya nje kwa sababu hesabu zilisema hizo ndo zinafaa. Tukagawa mashine 12. Baada ya muda nikaenda kutembelea kikundi kimoja cha kina mama huko Handeni, nakuta mashine imeegeshwa ukutani, kuku kalalia mayai kwenye mdomo wa kulishia. Beringi ilikufa katikati ya msimu, wakaitafuta mjini haipo, wakaambiwa iagizwe Dar, wakasubiri wiki tano, mihogo haisubiri, wakarudi kuparua kwa mkono. Injini walishaichomoa inavuta maji bustanini. Mama mmoja akaniambia bila hasira yoyote, "mwanangu, mashine yenu nzuri, ila haina ndugu hapa." Kwenye ripoti ya mradi tuliandika mashine 12 zimesambazwa, na zilikuwa zimesambazwa kweli.

Tangu siku hiyo kipimo changu ni kimoja. Nachukua orodha ya vipuri nakwenda dukani kwenye mji wa wilaya, sio Dar, sio hata Tanga mjini, nenda Korogwe au Muheza. Beringi iwe zile namba za kawaida kama 6205 ambazo fundi pikipiki na fundi pampu wote wanazijua, mkanda uwe wa saizi inayouzwa kwenye duka la mashine za kusaga, injini iwe ile ya Kichina ambayo kila kijiji kuna mtu anaifungua amefumba macho. Kitu kikikosekana pale dukani, badilisha mchoro. Na sehemu ya kulishia majani iangalieni mara mbili, hizi mashine ndogo za mkonge zina sifa mbaya ya kula vidole, na ajali moja ya mkono itazima soko lenu wilaya nzima, hamna tangazo la kulifufua.

Msimu ukiisha mkiwa na daftari limejaa, hapo ndo mtafute mtengenezaji, na mtengenezaji sio nyie. Taasisi inajua kutengeneza mashine moja nzuri, haijui kutengeneza 50 zinazofanana kwa bei inayolipika. Nenda kwa fundi mwenye karakana yake, mwenye vijana sita, lathe moja na madeni, mtu ambaye mashine zisipouzwa hapati ugali. Huyo ndo niliyekuwa namtafuta tangu mwanzo wa barua hii. Mpeni leseni. Mkataba usiwe kitabu, kurasa tatu nne zinatosha, mpeni upekee kwa mkoa wa Tanga na kwa muda, tuseme miaka mitatu, na uwe na sharti kwamba asipofikisha idadi fulani kwa mwaka upekee unakufa, ili asije akakalia leseni kama nyie mlivyokalia mashine. Mrabaha uwe kidogo kwa kila mashine, kulipwa ikishauzwa na sio kabla, na sehemu yake iende kwa waliobuni kwa maandishi kabisa. Bila hilo wewe mwenyewe mwaka kesho utakuwa kwenye mradi mwingine na simu zake hutapokea. Mkoa wa Kilimanjaro au Morogoro akija fundi mwingine, mpeni naye.

Na omba ruhusa ya kwenda kukaa kwake. Miezi sita, kwa barua, hata kama ni siku tatu kwa wiki. Michoro haitoshi, kuna mambo yako kwenye vidole vyako ambayo hukuyaandika, mfano ule uwazi kati ya ngoma na kitanda, milimita moja ikizidi nyama inabaki kwenye singa, ikipungua singa zinakatika. Wakubwa wakikataa waambie habari ya Taiwan, wakikataa tena waambie kwamba mshahara wanakulipa vilevile ukikaa ofisini ukiangalia turubai.

Hela. COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia, ina mfuko wa kuendeleza ubunifu, jaribuni, ila ombeni hela ya kutengeneza mashine kumi na kuzihudumia msimu mzima, sio hela ya kuboresha mashine ya mfano, mashine za mfano tunazo nyingi nchi hii kuliko tunavyohitaji. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo mkoani, wanazijua karakana zote na wanajua nani fundi kweli na nani mdomo. Kwa upande wa mnunuzi kuna mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa kina mama, vijana na watu wenye ulemavu, kikundi cha vijana watano kinaweza kuchukua mashine moja na kuzunguka nayo kama nilivyosema, kwa kilo. Hapo daftari lako linakuwa kama dhamana, maana afisa wa halmashauri anataka kuona mapato ya siku, cheti cha Nanenane hakimsaidii kitu kwenye fomu.

Kuhusu mkoa kunyanyuka, usijibebeshe. Serikali ilijiwekea lengo la tani 120,000 za mkonge, na kufika huko kunataka mambo mengi ambayo hayako mikononi mwako. Ila fikiria kidogo, mashine 40 zikiwa zinatembea kati ya Hale, Magoma na Ngombezi, kuna fundi analipa vijana, kuna duka linauza visu vya ngoma, kuna mtu ataanza kuuliza yale makapi yanayobaki shambani yafanywe nini, maana Hale pale walishaonyesha kwamba makapi ya mkonge yanatoa gesi ya kuzalisha umeme, na mbuzi nao wanayapenda. Kila mmoja wa hao ni kazi mpya ndani ya wilaya, na hamna hata mmoja ambaye taasisi yenu ingeweza kumpanga kwenye bajeti.

Nina swali na mimi. Hiyo mashine yenu inatumia maji kuosha singa au inachakata kavu? Hukusema, na kama inataka maji, umeshapima kutoka shambani mpaka mtoni ni mbali kiasi gani? Nijibu hilo kabla hujaitoa stoo, maana kama boza la maji litabidi liifuate pikapu, lile roli tulilolifukuza limerudi.